Pango la baharini: tazama tarehe ya mwezi kabla ya kupanda boti



Kila Idd inapokaribia, familia nyingi za Kiislamu za mwambao huanza kupanga matembezi. Vijana wa mtaa huchangishana fedha, madrasa hukodi boti, na baba mwenye uwezo huwaahidi watoto wake kuwapeleka baharini. Miongoni mwa matembezi yanayopendwa sana ni kwenda kwa boti kwenye mapango yaliyo ukingoni mwa bahari, kuogelea katika kivuli chake na kutazama samaki kwa miwani na mrija wa kupumulia.

Matembezi haya si mabaya. Kuogelea ni zoezi linalotumia karibu viungo vyote vya mwili bila ya kuyaumiza magoti, na humfaa hata mtu mzito. Kwa upande wa dini, Mtume (S.A.W) alipoulizwa kuhusu kutawadhia maji ya bahari, alifundisha kuwa maji hayo yanatwaharisha. Na mtu anayeyaona matumbawe na samaki wa rangi zote chini ya maji hupata nafasi ya kutafakari uumbaji wa Mwenyezi Mungu (S.W).

Lakini pango la baharini si sawa na ufukwe. Ukiwa ufukweni, maji yakijaa unarudi nyuma hatua chache, mambo yamekwisha. Ukiwa pangoni, nyuma yako kuna ukuta na juu yako kuna dari. Njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni ile ile ambayo maji yanaingilia. Kwa hiyo wiki hii tutaeleza namna ya kulijua pango, namna ya kujua saa yake, na mambo ya kuzingatia ili sikukuu isigeuke msiba.

Ni pango la aina gani?

Hatuzungumzii mapango ya nchi kavu kama lile la Mangapwani kule Unguja au ya Amboni kule Tanga. Tunazungumzia mapango yaliyochimbika kwenye majabali yanayopigwa na mawimbi.

Sehemu kubwa ya majabali ya pwani yetu ni matumbawe ya kale. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu zaidi kuliko ilivyo leo, na matumbawe yalikua humo. Bahari iliposhuka, yalibakia juu na kuwa jiwe gumu, lenye matundu na ncha kali. Mawimbi hulipiga jiwe hili chini, viumbe vidogo hulitoboa, na maji ya mvua hulila kutoka juu. Matokeo yake ni ukuta uliomomonyoka chini na kutokeza juu, na mahali pengine shimo lenye kuingia ndani kabisa. Maji yakipwa, pango la namna hii huwa na mchanga mkavu au maji ya magotini. Maji yakijaa, mengine hufunikwa hadi darini.

Yapo pia mapango yaliyo chini ya maji muda wote. Kule Watamu, Kenya, kwenye mdomo wa ghuba ya Mida, yapo mapango wanamokaa tewa wakubwa, na watu huenda kuwatazama. Mahali kama hapo panakuwa na jambo jingine la kuangalia, nalo ni mkondo wa maji yanayoingia na kutoka ghubani. Mkondo wa namna hii humchukua hata mwogeleaji hodari.

Mwezi mwandamo na maji ya bahari

Qur'an inatufundisha katika Sura ya Pili, aya ya 189, kuwa miezi miandamo ni alama za nyakati kwa ajili ya watu na Hijja. Sisi tunaufuatilia mwezi kwa ajili ya saumu na Idd. Wavuvi wa pwani wanaufuatilia pia kwa ajili ya maji, kwani kujaa na kupwa kwa bahari kunatokana na mvuto wa mwezi na jua.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi na jua huwa katika mstari mmoja na ardhi, na mvuto wao huungana. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Haya ndiyo maji ya bamvua, na huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Kati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupingana, na bahari haijai sana wala haipwi sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Katika pwani ya Unguja na Mombasa, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kiasi cha mita 3 hadi 4. Huo ni urefu wa dari la nyumba na zaidi. Bahari inachukua muda wa saa 6 na dakika chache kutoka kupwa hadi kujaa, lakini haipandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda polepole, mtu asione tofauti. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kasi. Katika saa hizo mbili peke yake maji hupanda kiasi cha nusu ya kimo chote. Kisha mwendo hupungua tena.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanayapima maji kwa ile saa ya kwanza ya utulivu, wakadhani mwendo utakuwa huo huo hadi jioni.

Tuichukue siku ya Idd el Fitri

Idd el Fitri ni tarehe 1 Shawwal. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila ya kukosa, sikukuu hii huangukia kwenye bamvua. Haya si maji ya kawaida. Ni katika maji makubwa kabisa ya mwezi ule.

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kiasi cha saa 4 na nusu hadi saa 5 na nusu asubuhi, na hujaa kabisa kiasi cha saa 10 na nusu hadi saa 11 na nusu jioni. Sasa ifuate familia inayotoka kuswali Idd. Wamerudi nyumbani, wamekula, wamevaa, wamepanda boti. Wanafika pangoni kiasi cha saa 5. Wanakuta bahari imekauka mbali, pango liko wazi, mchanga mweupe ndani, maji ya magotini mlangoni. Watoto wanashangilia. Kila mmoja anasema mahali hapa ni salama, kwa sababu macho yake yanamwambia hivyo.

Wanatandika mkeka ndani. Chakula kinaletwa. Boti inasogea mbali kidogo isije ikakwama. Saa 6 maji yameanza kugeuka, lakini hakuna anayejali kwa kuwa yamepanda kidogo tu. Wanaswali Adhuhuri. Kuanzia kiasi cha saa 7 hadi saa 9, yaani kati ya Adhuhuri na Alasiri, maji yanapanda kwa kasi yake yote. Katika muda huo peke yake yanaweza kuongezeka mita 1 na nusu hadi 2, kiasi cha kimo cha mtu mzima. Mlango ulioingiwa kwa miguu sasa unatakiwa utokewe kwa kuogelea, huku mawimbi yanaingia na kugonga kuta. Asiyejua kuogelea hana njia. Anayejua kuogelea anapaswa kumbeba mtoto, na jiwe lenye ncha liko kila upande.

Hakuna kilichoharibika katika bahari siku hiyo. Bahari imefanya kile inachofanya kila mwezi mwandamo tangu ilipoumbwa. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama tarehe.

Kwa Idd el Hajj hali ni tofauti. Siku hiyo ni tarehe 10 Dhul Hijja, mwezi umepita nusu, na maji yako karibu na maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, lakini saa zimegeuka: bahari hujaa karibu na mchana na kupwa jioni. Anayekwenda kwa mazoea ya Idd iliyopita, akitegemea kukuta pango liko wazi saa 5 asubuhi, atakuta maji mlangoni.

Kanuni ya nyumbani ni hii. Ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, unajua maji yalivyo kwa makadirio. Tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, ni bamvua. Maji hupwa asubuhi ya saa 4 au 5 na kujaa alasiri. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 40 hadi saa nzima. Tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Haya ni makadirio, na kila sehemu ina tofauti yake. Kwa saa kamili, muulize nahodha wa hapo hapo au tazama jedwali la maji la mwaka linalotolewa na mamlaka ya bandari.

Pangoni ingia wakati maji yanaendelea kupwa, na utoke kabla hayajaanza kupanda. Usingoje uone maji yakikaribia mkeka. Ikiwa maji yamekwisha geuka ndipo mnafika, ogeleeni nje, na pango mliache kwa siku nyingine.

Wanaosema pango lina mwenyewe

Katika sehemu nyingi za pwani, mtu akifia pangoni husemwa amechukuliwa na shetani wa pango, au mzimu umekasirika. Baadhi ya mapango utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe, chupa za marashi na mabaki ya vyakula vilivyopelekwa kutafuta radhi za mizimu.

Sisi Waislamu tunaamini kuwa majini wapo, kwani Qur'an imewataja. Lakini kuwapelekea sadaka na kuwaomba ulinzi ni jambo linalogusa tauhidi, na masheikh wetu wamelieleza mara nyingi. Kwa upande wa afya, imani hii ina madhara mengine. Msiba ukishatupiwa mzimu, hakuna anayeuliza maji yalikuwa tarehe ngapi, boti ilikuwa wapi, wala nani alikuwa akiwaangalia watoto. Mwaka unaofuata familia nyingine inakwenda saa ile ile, pango lile lile.

Wapo pia wanaosema aliyekufa maji ni shahidi, kwa hiyo hakuna la kuhuzunika. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W) amemtaja aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi, na hiyo ni faraja kubwa kwa wafiwa. Lakini faraja ya wafiwa si ruhusa ya uzembe kwa walio hai. Qur'an imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, na Mtume (S.A.W) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Mwenyezi Mungu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani. Karibu nusu ya wanaokufa maji ni watu wasiofikia miaka 30, na robo ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Mawimbi, upepo na moshi

Hata maji yakiwa yamepwa, pango lina hatari nyingine mbili. Ya kwanza ni mawimbi. Wimbi linaloonekana dogo nje, likiingia katika mlango mwembamba hubanwa, likapanda juu na kurudi kwa nguvu. Aliyemo ndani hutupwa kwenye jiwe, au kichwa hugonga dari.

Wenzetu wa nchi nyingine wameweka sheria kali kwa mapango yao. Kule Italia, katika kisiwa cha Capri, lipo pango maarufu la Grotta Azzurra lenye mdomo wa kimo cha kiasi cha mita 1 tu. Wageni hulazwa chini kabisa katika mtumbwi ili wapite, na bahari ikichafuka pango hufungwa, japokuwa kujaa na kupwa kwa bahari ile ni kudogo sana kuliko kwetu. Ureno nayo, katika pango la Benagil, mwaka 2024 ilipiga marufuku watu kuogelea kuingia pangoni na kushuka kwenye ufukwe wa ndani. Kwetu sisi mapango mengi hayana mlinzi wala kibao. Mlinzi wa familia yako ni wewe.

Kumbuka majira pia. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na kaskazi Desemba hadi Machi. Idd hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hiyo bahari uliyoikuta Idd za utotoni mwako siyo utakayoikuta Idd hii. Pango linaloelekea kusini au mashariki halifai wakati wa kusi, hata mwezi uwe tarehe ngapi. Tusisahau kuwa meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 2012, katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Ikiwa meli haikuhimili, boti ya faiba itahimili vipi?

Ya pili ni moshi. Boti ya mashine isiingizwe pangoni ikiwa inanguruma, wala isisimamishwe mlangoni mashine ikiwaka. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Nje hutawanyika, lakini ndani ya pango hujikusanya. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mtu hudhani ni ugonjwa wa bahari tu.

Kabla ya kupanda boti

1. Uliza boti inabeba watu wangapi, kisha wahesabu, na watoto uwahesabu pia. Meli ya Spice Islander iliyozama karibu na Nungwi Septemba 2011 ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Usiruhusu aibu ya kumkatalia jamaa ikuzidi.

2. Kila mtu awe na jaketi la kujiokolea linalomfaa kimo chake, na alivae tangu ufukweni. Jaketi lililo chini ya kiti halimsaidii mtu aliyekwisha anguka. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani.

3. Beba dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa na kamba ndefu iliyofungwa mkononi mwake. Likirushwa kwa anayezama, humwelesha.

4. Mwachie mtu wa nyumbani taarifa: mnakwenda pango gani, na nani, na mtarudi saa ngapi. Simu ifungwe katika mfuko wa plastiki usioingia maji.

5. Mteueni mtu mzima mmoja anayejua kuogelea awe mwangalizi. Kazi yake siku hiyo ni kuwatazama watoto tu. Asipike, asipige picha, asizungumze na simu. Baada ya nusu saa apokewe na mwingine.

6. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha. Jua la baharini hukausha mwili hata kama umelowa.

Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia, na mwenye pumu inayosumbua, aongee na daktari wake kwanza. Mwenye kifafa asiingie majini peke yake hata kama maji ni ya kiunoni.

Miwani na mrija

Kutazama samaki kwa miwani na mrija, kama wafanyavyo watu kule Mnemba na Kisite, kunaonekana ni mchezo mwepesi. Mtu hulala juu ya maji, uso chini, akapumua kwa mdomo. Lakini asiyezoea ajifunze kwanza kwenye maji ya kifuani, nje ya pango. Maji yakiingia kwenye mrija, mgeni huvuta pumzi kwa hofu na kuyavuta yote kifuani. Aliyefundishwa hupuliza kwa nguvu, yakatoka.

Vijana wana tabia moja ya hatari sana. Kabla ya kupiga mbizi, huvuta na kutoa pumzi nyingi za haraka wakidhani wanajaza hewa ili wakae chini muda mrefu. Kinachomfanya mtu atamani kupumua si upungufu wa oksijeni, bali ni kuongezeka kwa hewa chafu ya kaboni dayoksaidi mwilini. Zile pumzi za haraka huitoa hewa chafu, lakini haziongezi oksijeni ya maana. Basi kijana akiwa chini, oksijeni inakwisha kabla ya mwili haujampa onyo. Anazimia kimya kimya bila ya kupiga kelele. Wakatazeni mashindano ya kukaa chini ya maji, hasa ndani ya pango ambako anayezuka anaweza kukuta dari badala ya hewa.

Kina mama na mabinti

Katika nyumba nyingi, wavulana hujifunza kuogelea wenyewe na wasichana huachwa. Kisha siku ya Idd wote wanapandishwa boti moja. Bahari haichagui. Mradi wa Panje, kaskazini mwa Unguja, tangu mwaka 2011 umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kusitiri mwili mzima. Kwa hiyo sitara haizuii elimu hii.

Linalohitaji kuangaliwa ni aina ya nguo. Baibui pana likilowa huwa zito, hujizungusha miguuni na kumvuta mvaaji chini. Mtandio mrefu hukaba shingo au hunasa kwenye jiwe. Vazi la kuogelea la kusitiri, lenye suruali, blauzi ndefu na kofia inayobana, ni bora zaidi. Asiye nalo avae suruali na fulana ndefu ya mikono, nguo nyepesi isiyo pana sana, na jaketi juu yake. Wekeni upande wa wanawake na upande wa wanaume, lakini kila upande uwe na mwangalizi anayejua kuogelea.

Usafi wa pangoni

Mtume (S.A.W) alikataza kukojoa kwenye shimo na kwenye maji yaliyotuama. Pangoni yote mawili yanakutana. Vidimbwi vya ndani havibadiliki maji hadi bahari ijae, na watoto huvichezea na kuvinywa. Watu wajisaidie kabla ya kuondoka, na mtoto mdogo avuliwe nepi ufukweni, ioshwe nyumbani, isitupwe baharini.

Mirija na miwani ya kukodi hupita katika vinywa vya watu wengi. Ioshwe kwa sabuni na maji safi kila inapobadilisha mikono. Mwenye mafua au kikohozi asiazime wala kuazimwa. Kama kuna popo pangoni, msifagie wala kutifua kinyesi chao, kwani vumbi lake lina vimelea vinavyoumiza mapafu. Mifuko, chupa na mifupa ya pilau irudi na boti.

Majeraha

Jiwe la matumbawe hukata kama kisu, na vipande vyake vidogo hubaki ndani ya jeraha. Vaa viatu vya raba. Ukikatika, osha kwa maji safi mengi na sabuni, sugua taratibu hadi uchafu utoke, kisha funga kwa kitambaa safi. Usipake majivu wala dawa ya meno. Jeraha likivimba, likitoa usaha au likipata wekundu unaosambaa, nenda hospitali. Ulizia pia chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari asingojee dalili hizo, aende mapema.

Ukikanyaga yule mnyama mweusi wa duara mwenye miba mirefu, au ukachomwa na samaki mwenye sumu, tumbukiza mguu katika maji ya moto ambayo mtu mzima anaweza kuyavumilia, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu ya sumu. Mtu mwingine ayapime maji kwa mkono wake kwanza, kwa kuwa aliyechomwa anaweza asihisi kuwa anaungua. Mwiba uliozama sana, au uliochoma karibu na kiungo, utolewe na tabibu.

Mtu akizama

Usimrukie mikono mitupu. Anayezama hushika chochote, na wengi wamekufa wakiokoa. Mrushie dumu, mnyooshee kasia au kamba.

Akishatolewa na hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Hilo ni kosa linalopoteza dakika na kumtapisha, matapishi yakaingia kifuani. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 2 hadi 5 mdomoni mpaka kifua kinyanyuke. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endelea hivyo bila ya kuchoka, mkipokezana, hadi apumue au mfike kwa tabibu. Na aliyezinduka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema amepona, kwani mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuzidi kuharibika saa kadhaa baadaye.

Ndugu msomaji, kalenda ya mwezi iko ukutani kwako. Unaitazama kujua Ramadhani, Arafa na masiku meupe. Kabla hujalipia boti, itazame tena, kisha mtafute nahodha mzee umuulize swali moja: siku hiyo maji yatageuka saa ngapi? Akikujibu, panga safari yako ili saa hiyo iwakute nyote mko nje ya pango, mmehesabiwa, na hakuna aliyepungua.

Wiki ijayo, Insha'Allah, tutazungumzia maji ya kunywa ya visima vilivyo karibu na vyoo.

Wabillahi tawfiq.